Kigoda, Kuku na Picha ya Bibi Naghenjwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimekwisha kuota macho na picha zilikuwa zimekwisha kuhama kwenye karatasi, waliishi Usangi, juu katika milima ya Upare, wajukuu watatu wa bibi mmoja. Wa kwanza aliitwa Kajiru. Wa pili aliitwa Nietiwe. Wa tatu aliitwa Mbonea. Walikuwa na studio ya picha karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la bluu upande wa nyuma na kompyuta moja upande wa mbele, na kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Kajiru alipiga. Nietiwe alichambua. Mbonea alitunza.

Kajiru alikuwa na kidole chepesi. Mtu akipiga chafya, Kajiru amekwisha kumpata kabla ya chafya, katikati ya chafya, na baada ya chafya akitafuta leso. Akirudi kutoka harusini kadi za kamera zimejaa pomoni, naye huziweka mezani mbele ya Nietiwe kama mtu aliyetua gunia la maharage.

"Haya, dada," husema. "Mimi nimevuna. Kazi kwako."

Nietiwe ndiye aliyebaki na gunia. Alikaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai ya tangawizi, akazipitia picha moja baada ya nyingine. Hii ina ukungu, futa. Huyu amekatwa kichwa, futa. Huyu anatafuna, futa. Huyu amefumba macho, futa. Zilizosalia alizipanga, akazipa majina ya kueleweka, na mtu akija kuuliza, "Jamani, ile ya shangazi akimvisha bwana harusi blanketi?" Nietiwe huitoa kabla muulizaji hajapata pa kuketi. Watu walimsifu kwa hilo, naye, tuseme ukweli, alipenda kusifiwa.

Mbonea alikuwa mpole na msahaulifu. Alisahau mwavuli, alisahau salamu alizotumwa, lakini hakusahau kunakili. Kadi ikifika tu, kabla mtu hajaigusa, yeye humimina kila kilichomo kwenye diski ya nje, kizuri na kibaya, kisha huenda nayo nyumbani kwa mama yake na kuifukia katika sanduku la vitenge.

"Kwa nini sandukuni?" Kajiru alimwuliza siku moja.

"Studio inavuja," alisema Mbonea. "Sanduku la mama halivuji."

Tatizo la Mbonea lilikuwa majina. Folda ya kwanza aliiita Mpya. Iliyofuata akaiita Mpya Zaidi. Halafu zikaja Mpya Kabisa na Mpya Kuliko Zote, na ilikuwepo moja iliyoitwa Usiguse, ambayo hata mwenyewe hakukumbuka kwa nini isiguswe.

Basi, bibi yao, mama wa baba zao, aliitwa Naghenjwa. Sebuleni kwake palikuwa na ukuta wa wazee. Desturi ya ukoo ule ilikuwa hivi: mzee huchagua picha yake mwenyewe, angali hai na akili zake timamu, nayo hutundikwa mbele yake mwezi wa Desemba, watu wote wanapokuwa wamerudi nyumbani. Hapo mzee huitazama na kusema, "Ndiyo, huyu ni mimi." Wazee wengine wote walikuwa wamekwisha kutundikwa. Pembeni ya picha ya marehemu mume wake palibaki msumari mtupu, na msumari huo ulikuwa wa Bibi Naghenjwa.

Picha zake zilikuwa nyingi, lakini zote alizikataa. Bibi huyu alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka jikoni, alicheka shambani, alicheka akipalilia vitunguu. Akicheka, mashavu yalipanda juu, macho yalifumba kabisa, na pengo la meno likatoka kuwasalimia watu. Lakini mwonyeshe kamera, uso ulikaza kama ngozi ya ngoma.

"Huyu si mimi," alisema kila alipoonyeshwa. "Huyu ni hakimu."

Na kweli, picha hizo zilipoegemezwa sebuleni ili azitazame, vitukuu walizipita mbio, macho chini.

"Mnaona?" Bibi alimwambia Nietiwe. "Nikitundikwa na uso huu, hawa watoto watakua wakidhani niliishi miaka yangu yote nimekasirika. Mimi sitakuwepo kuwaambia hapana. Ukuta ndio utakaosema."

Nietiwe aliliweka neno hilo moyoni. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na Bibi kuliko wajukuu wengine. Alipokuwa mdogo alikaa sakafuni, Bibi juu ya kigoda chake, ungo wa maharage katikati yao. Kigoda kile kilikuwa cha miguu mitatu, cheusi kwa uzee na kilicholainika kwa kukaliwa, nacho kilitoka kwa mama mkwe wa Bibi. "Aliye juu anachambua, aliye chini anajifunza," Bibi alizoea kusema, na Nietiwe alijifunza kila kitu alichojua kuhusu kuchambua akiwa pale chini. Moyoni alitamani siku moja akae juu. Hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa sikilizeni habari ya kuku.

Mjukuu mwingine wa Bibi, Sifuni, alioa binti wa Kichaga kutoka Machame. Na nyote mnajua, Wapare na Wachaga ni watani. Mtani anaruhusiwa kusema nyumbani kwako yale ambayo ndugu yako akiyasema utatoa fimbo. Siku ya harusi, watu wakiwa wameketi, makande yamepakuliwa, pilau imepakuliwa, akaingia baba mdogo wa bibi harusi, Mzee Lyatuu, kofia upande, mkononi kuku aliyefungwa utepe mwekundu mguuni.

"Hodi, watani," alisema. "Msikimbie, leo sidai kitu."

"Ingia, lakini mikono tuione," alijibu Bibi Naghenjwa kutoka kigodani.

"Nimesikia habari zenu," alisema Mzee Lyatuu. "Nimesikia Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nikajiuliza, binti yetu ataishije katika nyumba isiyo na kesi? Si watakonda hawa kwa upweke? Basi nimewaletea kuku. Mgombanieni. Ng'ombe mtauza wenyewe."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka bado. Alimtazama kuku juu, akamtazama chini.

"Mchaga atoe kuku bure?" alisema. "Hebu mfunue bawa. Lazima bei imeandikwa humo."

Mzee Lyatuu akafunua bawa, akainamia ndani, akatafuta kwa makini kama mtu aliyepoteza kitu. "Lo," alisema, "ilikuwepo. Imedondoka njiani."

Kuku akaona nafasi. Akamponyoka, akapanda juu ya meza ya wakwe, akapita katikati ya pilau, utepe ukimfuata nyuma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu aliondoka na kamba yake. Na hapo ndipo Bibi Naghenjwa alipocheka. Alicheka akashika ubavu. Alicheka akaegemea bega la jirani. Kamera ya Kajiru ikalia tatatata, kuku akapita, manyoya yakapaa, na harusi ikaendelea.

Baada ya harusi kila mmoja alifanya kazi yake. Mbonea alimimina kadi kwenye diski, akaenda nayo sandukuni. Nietiwe alikaa na chai yake ya tangawizi. Hii ina ukungu, futa. Huyu anatafuna, futa. Ikaja picha moja imeinama, unyoya umepita mbele, mzee mmoja amefumba macho. Kidole cha Nietiwe hakikuungoja moyo wake. Macho yamefumba, futa. Alipomaliza, kompyuta ilikuwa imechoka inakwenda kama konokono, naye akalimwaga pipa lake la taka ili ipumue.

Kajiru akachungulia. "Zimekwisha?"

"Zimekwisha."

Basi Kajiru akaifuta kadi yote, akaenda kupiga mahafali ya watoto wa chekechea. Kabla ya kutoka akamwambia Mbonea, "Diski ile imejaa. Picha za harusi tumekwisha kukabidhi. Zifute upate nafasi."

"Sawa, kaka," alisema Mbonea.

Kesho yake Kajiru akamwuliza, "Umefuta?" Mbonea akaitikia kwa kichwa.

Haya. Ulipokaribia mwezi wa Desemba, Bibi Naghenjwa alishuka mwenyewe hadi studio, kanga mbili na fimbo yake, akaketi mbele ya kompyuta. Wajukuu wakampitishia harusi yote. Aliisifu keki. Aliisifu suti ya Sifuni, ingawa alisema suruali ilikuwa inamtoroka mwenyewe. Zikapita picha za Bibi: hakimu kanisani, hakimu mezani, hakimu akipokea zawadi. Ikafika ya mwisho, kioo kikatulia.

"Na mimi niliyecheka niko wapi?" Bibi aliuliza.

"Bibi, pengine siku ile hatukuwahi," alisema Kajiru. "Kucheka huja na kupita."

"Mjukuu wangu, macho nilifumba, masikio sikufumba. Kamera yako ililia mbele ya uso wangu, tatatata, kama mvua kwenye bati. Picha ipo." Aliinuka, akashika fimbo. "Nileteeni hiyo. Ni hiyo nitakayoikubali, na isipokuwepo, msumari ule ubaki mtupu. Atakayeniletea, kigoda changu ni chake. Ila nawakumbusha, kigoda hakikaliwi na wawili."

Akatoka. Wakamsikia akimsalimia fundi viatu wa jirani na kumcheka.

Nietiwe alikaa vile vile, mikono mapajani. Alikuwa amekwisha kuiona tena ile picha akilini, imeinama, yenye unyoya mbele.

"Niliitupa mimi," alisema.

"Ulimtupa Bibi?" aliuliza Kajiru.

"Nilitupa macho yaliyofumba. Sikutazama ni ya nani. Na pipa nililimwaga." Akamgeukia Kajiru. "Kadi iko wapi?"

Kajiru akajikuna shingo. "Kadi ipo. Lakini humo sasa wamo watoto wa chekechea wamevaa majoho."

Kajiru alifuta kadi. Nietiwe alifuta picha. Akabaki Mbonea, aliyeambiwa afute. Wote wawili wakamtazama.

"Mimi nilikwambia ufute ile diski," alisema Kajiru.

"Uliniambia, kaka."

"Ukasema sawa."

"Nilisema."

"Kesho yake nikakuuliza, ukaitikia kwa kichwa."

Mbonea akalitazama pazia la bluu kana kwamba hajawahi kuliona. "Kichwa kiliitikia," alisema. "Mikono ilikataa. Nilifika sandukuni, nikaifungua, nikaona ni harusi ya Sifuni, nikashindwa. Nikaifunga tena. Sikupenda kukudanganya, kaka, lakini ungenituma tena."

Kajiru alifungua mdomo amkaripie, akaona afadhali aufunge. Nietiwe alikuwa amekwisha kusimama.

"Kaichukue," alisema. "Kimbia."

Mbonea akaenda, akarudi na diski imeviringishwa kwenye kitenge, inanukia vidonge vya nondo. Wakaichomeka. Wakaona Mpya, Mpya Zaidi, Mpya Kabisa na ndugu zake wote, na ndani ya kila moja picha za harusi, ubatizo, mahafali na misiba zimelala pamoja kama abiria wa kituoni, hazina majina ila namba.

"Tuzipange kwa tarehe," alisema Kajiru.

Wakazipanga kwa tarehe. Betri ndogo ya saa ndani ya kamera ilikuwa imekufa siku nyingi, na Kajiru hakuwahi kuibadilisha. Kwa maneno ya kamera, harusi ya Sifuni ilifanyika kabla Sifuni hajazaliwa, tena siku moja na ubatizo wote na misiba yote ya tarafa nzima.

"Hapa ni kutafuta punje moja ghalani," alisema Kajiru, akakaa chini. Mbonea alijaribu kukumbuka harusi aliitia katika folda gani, akakumbuka kwamba ilikuwa ile mpya.

Lakini Nietiwe alikuwa na tabia moja ambayo binamu zake walizoea kuicheka. Kabla ya shughuli yoyote alimsimamisha Kajiru, akaunyoosha mkono wake wenye saa mbele ya kamera na kusema, "Piga hii kwanza." Alifanya hivyo ili saa ya kamera ikivurugika, ajue shughuli ilianzia wapi. Kajiru alimwita Dada Mkono. Sasa Dada Mkono alizipunguza picha zote zikawa ndogo kama punje kwenye ungo, akaacha kutazama nyuso, akatafuta mkono wake tu.

Akapata mkono wenye saa na sweta: huo ulikuwa msiba wa Juni, wakati wa baridi. Mkono wenye saa na plasta: ubatizo, alikuwa amejikata na kisu. Mkono wenye saa na bangili ya shanga za kijani.

"Sare ya kamati," alisema Nietiwe. "Harusi ya Sifuni inaanzia hapa."

Kutoka pale akatembea polepole. Kanisa. Keki. Makande. Kofia iliyokaa upande mlangoni. Kuku. Bawa la kuku likiwa limefunuliwa. Kuku juu ya pilau. Ukungu mtupu wa manyoya. Na baada ya ukungu, imeinama, Bibi Naghenjwa.

Mashavu yamepanda. Macho yamefumba. Pengo la meno liko wazi kama dirisha la asubuhi. Mkono mmoja umeshika ubavu, mwingine umemshika jirani, na unyoya mmoja unaelea mbele ya kidevu chake kana kwamba na wenyewe umekuja kusikia kinachochekesha.

Mbonea akaanza kucheka, na Kajiru akacheka, na Nietiwe akacheka machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Aliinyoosha picha kidogo isilale sana. Kajiru alitaka kuuondoa unyoya. Nietiwe akamzuia mkono. "Unyoya nao ni mgeni wa harusi," alisema.

Na Mbonea, kabla ya mtu yeyote kugusa zaidi, akanakili.

Ikafika siku ya kutundika. Ukoo wote ulijaa sebuleni, na wakwe wa Machame walialikwa, Mzee Lyatuu mbele, kofia upande. Yule kuku naye alikuwepo. Bibi hakumchinja, alimfuga, akampa jina Kesi, naye alinenepa na kuingia ndani apendavyo. Bibi alisimama karibu na msumari, kigoda chake kando.

Wakaifunua picha. Bibi akaitazama, akacheka, na alipocheka macho yakafumba, ikabidi watu wamngoje ayafumbue ili aione tena. Kitukuu mmoja, mjukuu wa kwanza wa shangazi yao, alijipenyeza katikati ya miguu ya watu akasimama chini ya picha. Hakukimbia.

"Bibi mkubwa anacheka nini?" aliuliza.

"Anakucheka wewe," alisema Bibi, na sauti yake ilikuwa imelainika. Kisha akaigeukia ile picha. "Ndiyo. Huyu ni mimi." Wakaitundika, na ukuta ukajaa.

"Sasa," alisema Bibi, "kigoda. Nani aliyeniletea?"

Kajiru akasimama. "Mimi, Bibi. Picha hutoka kwenye kamera, na kamera ilikuwa mkononi mwangu. Kama kidole changu kisingebonyeza wakati ule, Mbonea angetunza nini? Nietiwe angetafuta nini? Hata sanduku la mama lingekuwa na vitenge vitupu."

"Ulikuwa unampiga kuku," alisema Mzee Lyatuu.

"Kidole kilikuwa changu."

"Na shabaha ilikuwa ya kuku. Bibi yako alijiingiza mwenyewe. Halafu kadi ukaifuta."

Watu wakacheka. Kajiru akacheka nao kidogo, akakaa.

Akasimama Mbonea. Yeye kusema mbele za watu kulikuwa kazi, akawa anakiambia kiatu chake. "Bibi, akiba haiozi. Kadi ilifutwa. Kompyuta ilifutwa. Picha yako ilibaki mahali pamoja tu duniani, sandukuni kwa mama, na niliyeiweka ni mimi. Nisingeitunza, kaka angekuwa na kidole na dada angekuwa na saa, basi."

"Uliitunza kwa uongo," alisema Kajiru. "Mkubwa wako alikuuliza, ukamwitikia kisichokuwa kweli. Leo uongo upewe kigoda, kesho nani ataniambia kweli studio?"

"Ningesema kweli, ungenifanya nifute," alisema Mbonea. Wazee wawili wakatikisa vichwa, mmoja akimwunga mkono, mwingine akimsikitikia, na haikujulikana yupi ni yupi.

Kabla Nietiwe hajainuka, Mzee Lyatuu akapanda juu ya stuli ya wakwe. "Watani zangu, mnasahau jambo. Picha ni ya nini? Ya kicheko. Kicheko kilitoka wapi? Machame. Hawa watatu wamehifadhi, wamechambua na wamepiga mzigo ulioletwa na mimi kwa miguu yangu. Miaka yote mlikuwa na kamera, mlikuwa na bibi, mbona hamkuwa na picha? Nipeni kigoda changu nikiweke kwenye gari."

"Kigoda cha Wapare kiende Machame?" aliuliza Bibi. "Kitauzwa kabla hakijafika Himo."

"Kitauzwa vizuri lakini," alisema Mzee Lyatuu, akashuka.

Akabaki Nietiwe. Alisimama, akakitazama kile kigoda, kilivyolainika, kilivyokuwa karibu. Alikuwa amejiandalia maneno. Angesema kwamba kitu kilichotunzwa bila kupatikana ni sawa na kilichopotea. Angesema kuhusu saa na mkono na bangili ya kijani. Akayasema, na yalikuwa maneno ya kweli, na watu wakaitikia, "Eee, hapo amesema." Ingeweza kuishia hapo.

"Lakini," alisema, "picha hii niliitupa mimi. Kaka hakuitupa, Mbonea hakuitupa. Nilimwona mtu amefumba macho, nikafuta, sikumtazama ni nani. Kwa hiyo nami nauliza, Bibi. Mtu akiokota alichokitupa mwenyewe, ameleta kitu, au amekirudisha tu?"

Bibi akamgeukia. "Nietiwe," alisema, "ulipokuwa ukikaa pale chini, nilikufundisha nini kuhusu punje iliyokunjamana?"

"Isitupwe," alisema Nietiwe. "Ilowekwe kwanza."

"Kwa nini?"

"Hujui kwa kuitazama tu. Nyingine ndizo tamu."

"Hayo unayakumbuka leo au uliyakumbuka siku ile?"

"Leo, Bibi. Tangu sasa nitayakumbuka kila siku."

Bibi akaguna, na mtu asingeweza kusema mguno ule ulikuwa wa lawama au wa mapenzi. Ndipo ukoo mzima ukaanza kusema kwa wakati mmoja. Shangazi wa kwanza alisema aliyepiga ndiye mwenye picha, hakuna mjadala. Baba yake Sifuni alisema picha isiyokuwepo haina mwenyewe, apewe aliyeiweka ikawepo. Wanawake wa jikoni walimtetea Nietiwe. Walisema aliyekiri kosa lake mbele ya watu, na akalifanyia kazi mpaka likanyooka, ndiye anayejua thamani ya kitu. Mzee mmoja akasema la, kukiri ni kuzuri, ila kukiri hakumfanyi mtupaji kuwa mleta. Wakwe wa Machame walikuwa upande wa Mzee Lyatuu mpaka walipoona chakula kinachelewa, wakaacha.

"Nilisema mimi," Mzee Lyatuu alimnong'oneza jirani yake. "Nilisema yule kuku atawazalia kesi. Sasa wanatafuta ng'ombe wa kuuza."

Katikati ya kelele zile, Kesi akaingia kutoka uani. Akapita katikati ya miguu ya Kajiru, akazunguka miguu ya Mbonea, akasimama kidogo mbele ya Nietiwe, kisha akaruka, akatua juu ya kigoda, akajikunja na kufumba macho.

Bibi Naghenjwa alimwona, akacheka mpaka akatafuta ukuta wa kujishika. Juu ya kichwa chake, ukutani, alikuwa anacheka vile vile. "Acheni," alisema alipopata pumzi. "Acheni, msimwondoe. Huyu atakilinda mpaka mtakapokubaliana. Lakini mkubaliane upesi, maana miguu yangu inaniuma na nimesimama tangu asubuhi."

Hawakukubaliana siku ile. Wala hawakukubaliana kesho yake. Kuku alikilalia kigoda, Bibi akakaa kwenye kiti cha plastiki akilalamika, na ukuta ukacheka.

Basi nanyi mmesikia, na Bibi angali kwenye plastiki. Kajiru aliyepiga huku akimlenga kuku, kisha akaifuta kadi. Mbonea aliyetunza kwa kumdanganya mkubwa wake. Nietiwe aliyetafuta akapata kile alichokitupa mwenyewe. Na Mzee Lyatuu aliyeleta kicheko na hakugusa kamera. Kigoda hakikaliwi na wawili. Je, katika hao, kuku ampishe nani?